Barua ya Kumi na Tano

Tulichaguliwa saba kati ya ishirini na watano,
majina yakichomolewa kama namba za bahati nasibu.
Hakimu akaniuliza: Unamfahamu mshtakiwa?
Nikasema simfahamu.
Mimi, karani wa posta ya Pedra Funda,
niliyezigonga muhuri barua zake kumi na nne
kwenda mahakama ya rufaa,
nikamrudishia zote kumi na nne, hazijafunguliwa.

Lindaura alikaa wima, miguu pamoja,
kama mtu anayepimwa nguo.
Fundi cherehani ni yeye tu mji mzima.
Joho la mwendesha mashtaka, upindo ule ni sindano yake.
Gauni jeusi la mjane wa Aderbal, vilevile:
alilishonea msiba mwingine
kabla hajauleta huu.

Mezani, mkasi.
Mpini umezungushiwa kitambaa cha samawati
pale kidole gumba kinapochubuka.
Kinyozi akaapa, akasema:
nilikuwa nimempaka povu nusu ya uso,
mama huyu akaingia, akasema, Habari ya asubuhi, Aderbal,
akangoja aitikie.
Akaitikia.

Wakili Ivonete Rabelo hakupaza sauti.
Aliinua stakabadhi, karatasi ndogo, wino umefifia:
betri mbili, zimelipiwa.
Ilikuwa mfukoni mwa Ronivon, miaka kumi na sita.
Mlinzi alipiga risasi kwanza, akapekua baadaye.
Na humu humu ndani, viti hivi hivi,
saba wengine walisema alidhani ni mwizi,
wakawahi chakula cha mchana.
Niambieni, alidhani kwa kutazama nini?

Hapa hatuzungumzii rangi! akaruka mwendesha mashtaka.
Kweli, hatukuizungumzia.
Ilikaa tu,
sisi saba upande huu, yeye upande ule,
na mfagiaji mlangoni, kaegemea ufagio wake,
akituhesabu.

Cheti changu kinasema mimi chotara.
Picha ya bibi mzaa baba
tumeitundika chumba cha nyuma, karibu na mita ya umeme.
Wageni hawafiki huko.

Mtoto wa Aderbal alikuwa akichora lori kwenye daftari,
magurudumu mengi mno.
Hakuna upande uliomwita shahidi.

Kisasi, akasema mwendesha mashtaka, ni haki iliyokosa subira.
Hakimu akamuuliza Lindaura kama ana neno.
Subira niliileta hapa, akasema.
Mkanirudishia haijafunguliwa.
Hakunitazama.
Angenitazama, labda.

Chumba cha kura hakuna kunong'onezana.
Kila mtu vipande viwili: NDIYO, HAPANA.
Mfuko mmoja wa kura, mwingine wa kutupia.
Swali moja: Je, mnamwachilia?
Nilifikiria sheria.
Uongo. Nilifikiria dirisha langu, foleni ya Jumatatu,
nani angenisalimu na nani angetazama dari.
Mkono ukaingia mfukoni ukatoka mweupe,
mtupu, kama wa mtu mwingine.

Hapana. Ndiyo. Hapana.
Hapana. Ndiyo.
Hapana.
Zikifika nne, hesabu inakoma,
asijulikane nani alitia nini.
Kipande cha saba kilibaki humo kimekunjwa.
Huenda ni changu. Huenda nilikuwa sihitajiki hata kidogo,
na niliuza bure.

Miaka kumi na miwili.
Akauliza jambo moja tu: Mkasi wangu mtanirudishia?
Bintiye kinyozi anaolewa mwezi ujao,
gauni halijatiwa vifungo.
Kinyozi akainamisha kichwa mpaka kikagusa kiti cha mbele.

Jumatatu foleni ilikuwa ndefu. Wote walinisalimu.
Katika gunia la gereza nikaikuta,
anwani ile ile, mwandiko ule ule ulionyooka kama mshono,
stempu imebandikwa sawasawa.
Ya kumi na tano.
Nikaushika muhuri,
na watu nyuma ya kioo
wakaanza kuniuliza kuna nini.